Jogoo wa Bwana Mbelwa

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, simu ameilaza mapajani juu ya kanga, na kila taa ya simu ilipozimika aliigusa kwa kidole iwake tena. Mvua ilikuwa inashuka tangu asubuhi, ile mvua yetu isiyo na haraka, inayoshuka kama mtu aliyekuja kukaa. Radi zilikuwa zimeshapita, zimehamia upande wa Mtae, tukawa tunazisikia kwa mbali kama mtu anasogeza makabati kwenye nyumba ya jirani. Nilimwambia, shangazi, chemchemi imekuwa nyekundu, nimetoka kuchota sasa hivi, tazama ndoo. Akatazama. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Akayatazama kwa muda mrefu, kisha akarudisha macho mapajani. "Naona, mwanangu," alisema. "Lakini haijaandika." Nyumba ya chini mama mmoja akaanza kugonga sufuria kwa mwiko, kwa mtindo wa zamani, na sauti ya mwanamume ikamkemea kutoka barazani: "We mama, acha kutia watu kiwewe! Ujumbe umekuja? Haujaja!" Sufuria ikanyamaza. Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichokisikia katika kitongoji cha Kwemtindi kama nilivyokijua, sufuria inanyamaza. Halafu mlima ukashusha pumzi. Sina neno jingine la kusema, ulishusha pumzi kama mtu aliyechoka kubeba, na migomba iliyokuwa juu yetu ikaanza kutembea kuja nyumbani ikiwa imesimama wima.

Mimi walinifukua. Mguu wangu wa kushoto tangu siku hiyo haujawahi kuwa rafiki yangu. Shangazi walimfukua kesho yake, na simu walimkuta nayo mkononi.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi, nimeolewa nalo, nimezaa nalo, na nilishakubali kwamba nitazikwa nalo. Wakubwa walikuja wakasema ni kazi ya Mungu, mvua ilizidi, wakatoa mablanketi wakaondoka. Niliwaamini. Shule yangu mimi ni darasa la saba, na hata hilo la saba nililimaliza kwa kuchungulia. Lakini mwaka huu, wakati wa kabichi, nilikuwa Soni sokoni nimekaa na tenga langu la mapeasi, mara mtu mwenye mvi akasimama mbele yangu akaniambia, "Onga mshi, dada Hawa." Hiyo ni salamu yetu ya mchana, na aliitamka vibaya vilevile kama zamani nilipomfundisha. Nikajua kabla sijainua kichwa. Alikuwa Fidelis, aliyekuwa fundi wa mitambo ya kompyuta kwenye mradi wa kuonya watu mlima ukitaka kushuka, nilikokuwa napika. Hakununua peasi hata moja. Tulikwenda kwenye mgahawa wa nyuma ya soko, tukanywa chai, na aliyonieleza pale yamenirudisha kwenye mwaka ule kama mtu aliyevutwa usingizini kwa upindo wa shuka. Siku hizi nalala nauona. Nikiamka nauona bado.

Nyumba ya mradi ilikuwa Lushoto, juu kidogo ya mji, nyumba ya mawe ya tangu enzi za Wajerumani, yenye mahali pa kuotea moto na madirisha yaliyofura kwa unyevu yasifungike sawasawa. Ukungu ulikuwa unaingia asubuhi kama mpangaji. Nilikuwa nafika nakuta umelala sebuleni, juu ya makochi, nikifungua mlango wa nyuma unaondoka polepole bila kuaga. Kazi yangu ilikuwa kupika na kufua. Nyuma ya jiko kulikuwa na chumba kidogo ambacho zamani walitunzia vyakula, kina rafu za mbao zinazonuka jibini mpaka leo, na humo ndimo walimoweka mashine. Waliiita seva. Kwa macho yangu ilikuwa kabati jeusi lenye taa ndogo za kijani, linalonguruma siku nzima kwa sauti moja, kama paka aliyeshiba. Ukuta wake ulikuwa wa vuguvugu. Siku za baridi kali, baada ya kuosha vyombo, nilikuwa naegemeza mgongo pale, nasinzia, na mngurumo unaniingia mwilini, na katika usingizi ule nilikuwa naota naelea juu ya mabonde, Soni ikiwa chini yangu na maporomoko yake ya maji, Mombo ikiwa mbali kwenye joto na vumbi lake, na mimi sina uzito wowote. Sijawahi kulala vizuri namna ile tena. Nilikuwa nalala nimeegemea kitu kile kile. Hilo ndilo linaloniuma nikilifikiria.

Kazi ya mashine ile aliieleza Bwana Mbelwa, meneja, kwenye mkutano kule kwetu Kwemtindi, uwanjani nyuma ya msikiti. Huko juu kwenye miteremko wamefunga makopo ya kupimia mvua, kila kopo lina betri yake na linatuma hesabu Lushoto lenyewe. Mashine inajumlisha. Ikiona mlima umekunywa kuliko uwezo wake, inaandika ujumbe kwenye simu ya kila kaya iliyo chini ya mlima huo: hameni. Watu walifurahi, mimi nilipiga vigelegele. Akasema sasa mambo ya kugonga masufuria yaishe. Kwetu, chemchemi ikibadilika rangi, mwanamke aliyeiona kwanza anagonga sufuria, wa jirani anaitikia, na watu wanavuka kwenda ng'ambo kulala kwa watu mpaka kutulie. Mara nyingi hakuna kinachotokea, mnarudi asubuhi mnachekana. "Mtakimbia mpaka lini kama kuku?" Bwana Mbelwa aliuliza, na watu wakacheka, maana alikuwa mtu wetu, anajua kututania kwa Kishambaa. "Chemchemi inajua nini? Mlima ukitaka kushuka, simu itasema. Simu isiposema, lala!" Shangazi alikwenda Soni wiki ile ile kununua simu, akaifunga kwenye kamba akaivaa shingoni, na jioni alikuwa akiifuta kwa upindo wa kanga kama anafuta uso wa mtoto.

Sasa, mashine yenyewe ilikataa kuamka karibu nusu ya mwaka. Hapo ndipo nilipomzoea Fidelis. Alikuwa kijana wa Dar, mwembamba, amevaa masweta mawili mchana kutwa, na kwa kuwa chumba cha mashine hakikuwa na meza alikuwa anakuja jikoni na kompyuta yake, anaikalisha kati ya viazi na vitunguu. Mimi namenya, yeye anasoma kwa sauti. Kila akiiwasha programu ya mashine ile, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, inamwaga maandishi, mistari na mistari, inateremka skrini nzima kama mvua kwenye bati, halafu kimya. Mwanzoni nilidhani anasali. Siku moja nikamuuliza, "Kaka Fidelis, yote hayo inakutukana?" Akacheka mpaka akashika meza. "Inalia tu, dada Hawa. Inalia kama msiba wa mtu mzima, kila mmoja analia lake. Wewe usisikilize wa juu. Teremka, teremka, mpaka chini kabisa, utakuta pameandikwa imesababishwa na. Na chini ya hapo unaweza kukuta tena, imesababishwa na. Ya mwisho ndiyo yenyewe. Hao wengine wote ni waombolezaji."

Basi ikawa mchezo wetu. Nikisikia maandishi yamesimama nauliza, "Imesababishwa na nani leo?" Na yeye ananijibu. Leo mlango wake wa kuingilia umekaliwa na programu nyingine iliyoachwa na fundi wa kwanza, mbili haziwezi kukaa mlango mmoja. Leo inatafuta namba za simu za watu kwenye anwani ya mashine ya ofisi ya Dar, wakati zimo humu humu chumbani. Leo nenosiri lina nafasi tupu mwishoni, nafasi, dada Hawa, kitu kisichoonekana, wiki nzima nimekosa usingizi kwa ajili ya kitu kisichoonekana! Nje ya dirisha ukungu unapita kwenye mikaratusi, sufuria ya makande inatokota, na mimi nilikuwa naona dunia nzima imekaa mahali pake. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilidhani watu wanaotafuta kosa kwa bidii namna ile hawawezi kutuacha tukafa.

Siku mashine ilipoamka tulichinja kuku. Kwenye ukuta wa sebule Bwana Mbelwa alitundika skrini kubwa, na kila kitongoji kina kitone chake cha kijani. Akanionyesha chetu kwa kijiko. "Binti, pale ni kwenu. Kijani maana yake mko salama." Nilikuwa nakitazama kitone kile kila nikifagia. Nilikuwa nakifuta vumbi.

Lakini walikubaliana kwanza wafanye majaribio, wasije wakawatisha watu bure. Kwa hiyo maonyo yote, ya kitongoji chochote, yakawa yanakwenda kwenye simu moja tu, ya Bwana Mbelwa. Fidelis akamwekea mlio wake peke yake, wa jogoo, ili autambue. Jamani, jogoo yule! Tunapakua chakula, anawika. Bwana Mbelwa ameinua kijiko, anawika. Makopo yalikuwa hayajapimwa vizuri, umande tu ukizidi yanaandika mlima unashuka. Siku za kwanza alikuwa anasoma. Baadaye akawa anaigeuza simu kifudifudi kando ya sahani na kuifunika kwa kitambaa cha mkono. "Nyamaza, bwana, tunakula," anaiambia, na wageni kama wapo wanacheka. Mimi nilicheka pia. Ilikuwa inachekesha kweli, jogoo anawika chini ya kitambaa.

Makopo yakatengenezwa. Majaribio yakaisha, hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Fidelis aliandika upya mahali panapohusika, badala ya simu moja zikawekwa simu zote, na siku hiyo ujumbe wa kwanza ukafika Kwemtindi: mfumo umeanza kazi. Shangazi alikuja kunionyesha, amepanda gari kutoka kwetu mpaka Lushoto kwa ajili hiyo tu. Alikaa jikoni, akala makande, akamwamkia yeye mwenyewe Fidelis aliye sawa na mwanawe, kwa furaha, "Shikamoo, fundi!" Fidelis akainuka na masweta yake mawili, ameona aibu. "Hapana, mama, mimi ndiye. Shikamoo." "Marahaba, baba. Marahaba. Imeniandikia mimi." Alirudia hivyo mara nyingi, imeniandikia mimi, yeye ambaye hakuwahi kuandikiwa na mtu yeyote.

Niliyokuwa siyajui ni haya, na nimeyajua mwaka huu kwenye mgahawa wa Soni, chai ikipoa. Fidelis alinieleza kwa kutumia kanga, maana anajua nitaelewa. Ile programu inakaa kwenye kifurushi, kama kanga iliyokunjwa sandukuni. Mashine ikiamka inaifungua sandukuni, inaikunjua, inafanya kazi na ile iliyokunjuliwa. Yeye alirekebisha iliyokunjuliwa. Ya sandukuni hakuigusa, humo bado ilikuwa imeandikwa simu moja ya majaribio. Na mashine yenyewe ilipangwa kwamba kila ikizimwa na kuwashwa, itupe ya jana na kukunjua upya ya sandukuni. "Kwa hiyo isipozimwa, hakuna neno," alisema. "Ikizimwa, inarudi kule kule." Nikamwuliza, na ulikuwa unajua? Akaangalia kikombe. "Nilikuwa najua, dada Hawa."

Na ilikuwa inazimwa! Kila mtu wa milimani anajua tunavyofanya radi ikianza: unafunika kioo kwa kanga, unaondoka karibu na moto, unachomoa kila kitu ukutani. Hata mtu asiye na umeme anazima redio yake ya betri. Bwana Mbelwa kazaliwa huku, na mashine ya kwanza ya mradi ilikuwa imeungua kwa radi kabla hatujamwona Fidelis, kwa hiyo ngurumo ya kwanza tu, anakwenda mwenyewe kwenye kile chumba anavuta waya. Nakumbuka wakibishana mlangoni, mimi nimeshika beseni la vyombo. "Bwana Mbelwa, hii ndiyo mashine ya mvua. Unaichomoaje mvua ikija?" "Wewe umetoka Dar, hujaona radi ya huku. Ikipita nitachomeka." "Lakini ikiwaka tena itakuwa imesahau nilichoandika. Nipe siku moja niisimamishe, nikirekebishe kifurushi chenyewe." "Siku moja skrini iwe nyeusi? Wageni wa ufadhili wanakuja. Wakiikuta nyeusi utawaeleza nini, wewe? Subiri waje waondoke." "Na mvua nayo isubiri?" "Fidelis," Bwana Mbelwa alisema kwa upole, huo upole wake, "nani meneja?" Nilipita katikati yao na beseni langu, nikasema samahani. Sikuelewa kwamba walikuwa wanazungumzia simu ya shangazi yangu.

Fidelis akawa anaamka kila radi ikipita, anarudia kuandika kwa mkono kwenye ile iliyokunjuliwa. Radi inapita, anaandika. Wageni wakachelewa, yeye anaandika. Na ikafika Jumapili ile ya mlima, siku yangu ya mapumziko, mimi niko kwetu Kwemtindi, na Fidelis yuko Tanga kwa dada yake, ameomba ruhusa na kupewa. Radi ikaja mchana. Bwana Mbelwa alifunika kioo cha ukumbini kwa kitambaa cha meza, namwona kabisa ingawa sikuwepo, akavuta waya. Radi ikapita, akachomeka, kama alivyoahidi. Mashine ikaamka, ikakunjua ya sandukuni. Makopo ya mlima wetu yalikuwa na betri zao, yalikuwa yamehesabu mvua yote bila kulala, yakatoa hesabu yao. Mashine ikajumlisha, ikaona, ikaandika: Kwemtindi, hameni. Ikaandika sawasawa. Ikapeleka kwenye simu moja.

"Wewe umejuaje?" nilimwuliza Fidelis. Akasema Jumatatu aliporudi alifungua maandishi ya mashine, akateremka, akateremka, kama kawaida yake. Akakuta onyo limetoka. Akakuta limepokelewa. Na akakuta saa lilipopokelewa, kabla ya mlima kushuka, kukiwa na muda wa kutosha mwanamke mzee kuvuka ng'ambo kwa fimbo yake na kukaribishwa chai. Alimwendea Bwana Mbelwa na maandishi hayo. Bwana Mbelwa akamwambia mfumo ulikuwa na hitilafu ya kiufundi, na aliyeandika mfumo ni nani? Si yeye? Afikirie maisha yake. Fidelis akafikiria maisha yake. Akapanda gari la Dar, na akayafikiria miaka yote hii. "Niliogopa, dada Hawa," akasema, na akalia pale, mtu mzima mwenye mvi, mwenye mgahawa akajifanya anafuta meza. Sikumbembeleza. Nilimwachia chai yake nikarudi kwenye mapeasi yangu. Fidelis, ukiusoma ukurasa huu au ukisomewa, nawe umo. Kosa ulilolijua ulilifunika kwa mkono kila mvua, halafu ukafunga mdomo, na mimi nikakaa nikiamini kwamba Mungu ndiye aliyemchukua shangazi yangu, kumbe ni ujumbe usiofika.

Lakini nilikuwa mwanafunzi mzuri wa meza ile ya viazi. Siishii kwa waombolezaji. Mlima ulishuka, imesababishwa na mvua. Watu hawakuhama, imesababishwa na simu kutoandika. Simu haikuandika, imesababishwa na kifurushi cha zamani. Kifurushi hakikurekebishwa, imesababishwa na wageni wa ufadhili na skrini yao ya kijani. Nateremka bado. Siku hizi naota ile nyumba, ukungu umelala kwenye makochi, mashine inanguruma kama paka, kitone chetu kinawaka ukutani, na mezani ipo sahani moja, na kando yake kitambaa cha mkono, na chini ya kitambaa kuna kitu kinawika. Katika ndoto nanyoosha mkono nikiinue, na kila mara naamka kabla sijakigusa.

Bwana Mbelwa, uko hai. Nyumba yako ya wageni iko palepale juu ya barabara, ina maua mazuri, na watu wanakuita mzee na wanakupa shikamoo, hata mimi nilikupa, mwaka juzi, nikiwa nimebeba tenga na mguu huu. Uliitikia marahaba bila kunitambua. Sikuulizi kuhusu waya, maana radi zetu nazijua. Sikuulizi kuhusu wageni wako. Nakuuliza ya chini kabisa. Jumapili ile, mchana, mvua ikiwa inaendelea, jogoo aliwika mezani kwako, na kwetu mwanamke alikuwa amekaa mlangoni anamngojea. Njoo uwanjani nyuma ya msikiti, mahali pale pale ulipotuambia tulale, usimame mbele ya wachache tuliobaki, utuambie kwa mdomo wako: uliinua kitambaa ukasoma, au uliiambia inyamaze?